Debe la Maji, Debe la Mafuta

Mwaka 1963, nikiwa na miaka ishirini, mume wangu alishikwa na homa siku ya Jumatatu, na Alhamisi tukamzika. Shida yangu inaanzia hapo. Kabla ya hapo nilikuwa maskini, lakini umaskini sikuuita shida, maana kila mtu niliyemjua alikuwa nao.

Nilisoma mpaka darasa la pili. Haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mjukuu wangu ambaye ni mwalimu ametaka kuyanyoosha maneno yangu, nimemkataza. Kama kuna mahali yamepinda, yaachwe yamepinda.

Nilizaliwa upande wa Kenya, karibu na Busia, nikaolewa upande wa Uganda, kwenye boma ambalo kutoka kwake mpaka mjini Tororo ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Siku hizo kuvuka mpaka kulikuwa kama kupita kwenye shamba la jirani, unasalimia na kwenda zako. Nilikuwa na watoto wawili. Msichana alikuwa na miaka minne. Mvulana alikuwa bado ananyonya.

Matanga yalipoisha, wazee wa ukoo walikuja kunieleza kwamba nitarithiwa na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa na mke tayari, na alikuwa na baiskeli, ya pekee katika boma lile. Nikasema sitaki.

Mzee aliyeongoza kikao, baba mdogo wa mume wangu, hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama ng'ombe aliyelala barabarani.

"Mke wetu," akasema, "nyumba haikai bila mwanamume."

"Yangu itakaa, mzee."

"Watoto utawalisha nini?"

"Nitapika mafuta niuze."

Wakacheka. Shemeji alicheka kuliko wote. "Mafuta! Basi watoto watashiba harufu."

"Harufu yangu ni bora kuliko ugali wako, shemeji," nikamjibu, na kicheko kikakatika pale, maana mjane aliyetoka matangani hakutarajiwa kuwa na mdomo.

Mzee akatoa uamuzi. Nilipewa mpaka Krismasi. Nikipata kazi ya kueleweka, inayoonekana kwa macho, ningebaki na watoto wangu na shamba langu na hakuna mtu angenisumbua. Nikishindwa, watoto ni wa ukoo, watakwenda kulelewa kwa shemeji, na mimi ningechagua kuwafuata kama mke wake au kurudi kwetu mikono mitupu. Huo ndio uliokuwa mkataba. Haukuandikwa, lakini kila mtu pale aliusikia.

Sasa nieleze mafuta. Mafuta ya simsim, ambayo wengine huiita ufuta, hupikwa hivi. Unakaanga simsim, unaitwanga, unaisaga juu ya jiwe mpaka iwe uji mzito, halafu unaitia kwenye chungu cha maji yanayochemka. Unakoroga na kungoja. Mafuta hupanda juu yenyewe, nawe unayachota taratibu kwa upawa mpaka maji yabaki peke yake chini. Nilifanya kazi hiyo tangu nikiwa msichana mdogo. Nimeyaona mafuta yakipanda juu ya maji mara nyingi kuliko nilivyoliona jua likichomoza. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, maana mimi sikulikumbuka.

Kwetu hakuna aliyepima mafuta kwa mizani. Tulipima kwa chupa, ile chupa kubwa ya bia. Chupa ishirini na nne zinajaza debe, na ukimaliza kupima unamwongezea mnunuzi tone kidogo, nyongeza yake, aondoke akiwa na moyo mweupe. Mizani tuliijua kwenye pamba na kahawa, na wote tulijua inavyowapunja watu huko. Mafuta yalikuwa mambo ya wanawake na chupa.

Nilikwenda Tororo nikazunguka kwenye majiko ya watu nikiuliza. Mwezi wa tisa nikapata. Shule moja ya bweni, yenye jiko kubwa, ilikuwa imezoea kupikia mafuta ya mgando, yale magumu kama sabuni, ambayo hununuliwa kwa ratili. Yalikuwa yameadimika. Mwenye stoo wa shule, mtu wa kaptula na kalamu mfukoni, akaonja mafuta yangu kwa kidole, akaonja tena.

"Nataka ratili themanini kila mwezi," akasema.

"Nitaleta madebe mawili."

"Mama, mimi sitaki madebe. Nataka ratili themanini."

"Ni kitu kimoja, bwana."

Nililisema hilo kwa kiburi, na nieleze kiburi hicho kilitoka wapi. Marehemu mume wangu alikuwa mbeba maji kwenye machimbo ya mawe, chini ya ule mwamba mkubwa wa Tororo. Wabebaji walikuwa wamelalamikia uzito wa mizigo, na msimamizi wao akaweka debe la maji kwenye mizani mbele yao wote. Ratili arobaini, ukiondoa debe lenyewe. Mume wangu alikuja nyumbani siku hiyo kama mtu aliyepata cheti. "Debe ni ratili arobaini," alinifundisha, na aliyarudia maneno hayo kila tulipokwenda kisimani. Hakuacha kitu kingine cha shule katika nyumba yangu. Alipokufa nilihesabu alichoniachia: watoto wawili, jembe, blanketi, na ratili arobaini.

Nilitafuta simsim vijiji vya Nabuyoga na Molo, huko huko Uganda, nikabeba kichwani. Nilipika siku kumi na mbili. Mafuta yaliyopungua niliyanunua kwa wanawake wenzangu, chupa kwa chupa, nikakataa nyongeza ili wasiseme niliwadhulumu. Madebe yalipojaa mpaka shingoni nilibana vifuniko na kuviziba kwa sabuni ya mche.

Njia ilikuwa ndefu na madebe mazito. Mzee akamwamuru shemeji ayabebe kwa baiskeli, na pia awe shahidi wa ukoo kwamba kazi ipo kweli. Tuliondoka alfajiri. Yeye akatangulia na madebe yangu, moja kila upande, mimi nikafuata kwa miguu, mtoto mgongoni. Nilipofika Tororo jua lilikuwa juu. Alikuwa amekaa kivulini nje ya stoo, anakula muwa.

Sabuni ya debe moja ilikuwa imepasuka.

"Umesimama wapi, shemeji?" nikamuuliza.

"Cheni ilitoka. Mbona unaniangalia hivyo?"

Mwenye stoo akatuita ndani. Alikuwa na mizani ile ya magunia, yenye jukwaa chini na mkono wa chuma. Kwanza akapima debe tupu la kwake: ratili mbili. Kisha akaweka langu la kwanza, akasukuma kile kijiwe cha mkono wa chuma, akakirudisha nyuma, akakirudisha tena. Thelathini na tisa. Akaweka la pili. Thelathini na tisa.

"Toa debe lenyewe," akasema, "hii ni thelathini na saba, na hii thelathini na saba. Mama, iko wapi ratili sita yangu?"

Nikamwambia mizani yake ni mbovu. Akapanda juu yake yeye mwenyewe, kisha akampandisha mpishi, kisha akapandisha gunia la unga lililokuwa na uzito ulioandikwa ubavuni. Mizani ilikuwa nzima.

Wapishi wanawake walikuwa mlangoni wanatazama. Mmoja akasema, "Ratili sita amejipaka njiani. Muone anavyong'aa." Wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Hapana, ni mtoto. Mtoto huyu amenyonya simsim." Mtoto wangu kweli alikuwa amenenepa. Nilimfunika uso kwa leso.

Mwenye stoo akafungua vifuniko, akachungulia. Madebe yalikuwa yamejaa mpaka shingoni, vile vile nilivyoyajaza. Hapo ndipo alipoyatilia shaka mafuta yenyewe. "Imejaa, na bado ni nyepesi," akasema. "Basi umechanganya kitu humu. Mafuta safi ni mazito. Mimi nimesoma, mama, usinidanganye." Akayapokea yale kwa sababu wanafunzi walikuwa wanangoja chakula, lakini akaniambia nisirudi tena. Kazi ingepewa mtu mwingine. Shemeji alikuwa amesimama pale, anasikia kila neno.

Njiani kurudi nilipiga hesabu yangu. Debe ni ratili arobaini, marehemu alisema, na marehemu hakuwa mwongo. Mimi sikuiba. Mwenye stoo alipima mbele ya macho yangu. Aliyebaki na mafuta peke yake ni mmoja tu, na sabuni ilikuwa imepasuka, na mtu huyo ndiye aliyetaka nishindwe. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu.

Kikao kilikaa Jumapili, baada ya kanisa. Nilisimama nikasema mbele ya ukoo wote kwamba shemeji aliiba chupa nne za mafuta yangu ili nishindwe, aninyang'anye watoto.

Mzee akaniuliza swali la haki kabisa. "Madebe yalifika yamejaa, au yamepungua?"

"Yalifika yamejaa."

"Sasa kilichoibwa ni nini?"

"Alichota mafuta akatia maji mahali pake."

"Maji yangekaa chini, mke wetu. Wapishi wangeyaona."

"Sijui wameona nini. Mimi nasema aliiba."

Ninapolikumbuka sasa naona aibu. Kama angetia maji, debe lingezidi uzito, lisingepungua. Hakuna mtu hata mmoja katika kikao kile aliyelijua hilo, si wazee, si shemeji, si mimi mpika mafuta. Sote tulidhani kilichojaa debe ni debe.

Shemeji hakubishana. Alikwenda nyuma ya nyumba yangu, kwenye kaburi la kaka yake ambalo lilikuwa bado halijaota nyasi, akachota udongo kiganjani, akarudi nao mbele yetu. Kwetu kiapo hicho hakina mchezo. Mtu akila udongo wa kaburi la ndugu yake na amesema uongo, wanasema tumbo lake na la watoto wake hayatapona. Akasema, "Kama nilifungua mafuta ya huyu mama, nimfuate kaka." Akala. Alitafuna, kabisa, tukasikia mchanga kwenye meno.

Baada ya hapo mtu mwenye adabu hunyamaza. Mimi nikasema, "Mwizi anaweza kula hata jiwe."

Mama mkwe wangu, ambaye mpaka siku ile alikuwa upande wangu, alinyanyuka akaingia ndani. Wazee wakatazamana. Nilikuwa nimemtukana shemeji, nikamtukana na marehemu, na udongo wake. Hawakungoja Krismasi. Watoto wakachukuliwa mchana ule ule. Msichana alikwenda akiwa ameshikwa mkono, anageuka geuka. Mvulana alibebwa na mke wa shemeji. Alikuwa mwanamke mpole na alikuwa na maziwa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Wakaniuliza kama nitawafuata. Nikasema siwezi kulala na mwizi. Nikarudi kwetu Busia na jembe na blanketi. Maziwa yalinichukua wiki mbili kukauka.

Busia upande wa Kenya nilipata kazi kwa mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka barabarani. Nilifagia, niliosha vyombo, nilichota maji, na nilimimina mafuta ya kula kutoka pipani kwenda kwenye chupa. Alikuwa mkali lakini hakupunja mtu. Kwenye kaunta palikuwa na mizani ya vikombe viwili vya shaba, inayoning'inia, ya kupimia sukari na chumvi.

Mwezi wa pili mwaka 1964, asubuhi moja, nilikuwa nimejaza chupa ya mafuta nikaiweka kwenye kikombe kimoja cha mizani ili nipanguse kaunta. Nilikuwa na chupa ya pili, ya maji ya kunywa ya mama mwenye duka, ya aina ile ile, imejaa mpaka mahali pale pale. Nikaiweka kwenye kikombe cha pili, kwa sababu tu mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine.

Upande wa maji ukashuka.

Nikasimama na kitambaa mkononi. Nikazibadilisha, maji huku, mafuta kule. Maji yakashuka tena. Nikasema chupa hazilingani. Nikamwaga zote mbili, nikatia mafuta kwenye ile iliyokuwa na maji, na maji kwenye ile iliyokuwa na mafuta. Maji yakashuka.

"Unacheza na mizani yangu?" mama mwenye duka akauliza.

"Mama, kwa nini maji ni mazito kuliko mafuta?"

Alinitazama kuona kama ninamtania. "Wewe umepika mafuta maisha yako yote. Ukitia maji na mafuta chunguni, kipi kinakaa juu?"

"Mafuta."

"Kwa hiyo?"

Nilikaa chini, pale pale sakafuni, kwenye maji niliyoyamwaga. Mume wangu hakuwa amesema uongo. Alisema habari za maji. Mimi ndiye niliyeyatia mafuta ndani ya maneno yake. Mama yule akanionyesha kwa mawe ya mizani, akiwa na haraka maana wateja walikuwa wanangoja: debe la maji ratili arobaini, debe la mafuta thelathini na saba. Ukitaka ratili arobaini za mafuta unajaza debe, halafu unaongeza chupa mbili. Themanini ni madebe mawili na chupa nne. Chupa nne ndizo ratili sita. Ni zile zile nilizosema zimeibwa.

Sasa nafika mahali ambapo mjukuu wangu alitaka nipaache. Sipaachi.

Nilijua kwamba shemeji hakuiba. Niliijua kweli hiyo mwezi wa pili. Ningeweza kuondoka kesho yake, mwendo wa siku moja, nikasimame mbele ya wazee na chupa mbili mkononi na kuomba msamaha. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda nikiwa na kitu. Sitakwenda na nguo ya kufagilia, wakaniona nimerudi kuomba, halafu shemeji acheke tena na harufu yake. Nilitaka kufika na baiskeli yangu, na kazi yangu ya mafuta, nitupe ukweli mbele yao kama mtu anayelipa. Nikaanza kuuza mafuta yangu pembeni mwa duka. Nikatafuta majiko upande wa Kenya yanayonunua kwa ratili, na sasa nilijua kupima. Kila walipotaka ratili arobaini niliongeza chupa mbili, na hakuna aliyeniita mwizi. Mambo yalianza kwenda. Nikasema, mwezi mmoja zaidi. Nikasema tena.

Mwezi wa tano, sokoni, mwanamke mmoja wa kutoka upande ule alikuwa ananipimia chumvi. Hakuinua macho.

"Pole na mtoto," akasema.

"Mtoto gani?"

Akaacha kupima. Alidhani nimeambiwa. Surua ilikuwa imepita kwenye maboma yale, na mvulana wangu alikuwa amezikwa Jumamosi iliyotangulia. Hakuna aliyetumwa kwangu. Kwa nini watume? Mimi ndiye niliyesema mwizi anaweza kula hata jiwe.

Sijui kama angepona mikononi mwangu. Surua ilichukua watoto waliokuwa na mama zao pia. Watu wengine wamenifariji kwa hilo na nimewaambia wanyamaze. Najua tu kwamba kuanzia mwezi wa pili mpaka wa tano ni miezi mitatu, na nilikuwa ninaitumia kujipendezesha.

Nilikwenda siku ya tatu baada ya habari ile. Kwa miguu, nguo ile ile ya kufagilia. Nilibeba chupa mbili tupu, kibuyu cha mafuta, kamba, na fimbo iliyonyooka. Mama mwenye duka alikataa kuniazima mizani, na alikuwa na haki.

Wazee walikaa, kwa sababu ya msiba zaidi kuliko kwa ajili yangu. Shemeji alikaa mbali, amekonda. Sikusalimia sana. Nikaifunga kamba katikati ya fimbo, nikaining'iniza kwenye boriti ya kibanda cha ng'ombe. Nikafunga chupa tupu kila mwisho nikazisogeza mpaka fimbo ikalala sawa. Nikamwomba mzee azijaze mwenyewe, moja maji ya mtungini, moja mafuta, asizidishe hata tone. Akajaza.

Fimbo ikainama upande wa maji.

Mzee akagusa chupa ya mafuta kwa kidole, ikabembea, ikarudi juu. "Tena," akasema. Nikarudia. Akasema tena, nikarudia mara ya tatu.

"Mafuta ni mepesi kuliko maji," nikasema. "Debe lake halifiki arobaini. Hakuna aliyeiba. Mimi sikuiba, na shemeji hakuiba. Nilimsingizia."

"Ulijua lini?" Aliyeuliza ni shemeji. Ndilo neno lake la kwanza.

Ningeweza kusema juzi. Nikasema, "Mwezi wa pili."

Alihesabu. Nilimwona anahesabu. Kisha akageuza uso. Mama mkwe wangu akaanza kulia, si kwa sauti.

Mzee akasema maneno yaliyosemwa juu ya udongo hurudishwa juu ya udongo. Nikaenda nyuma ya nyumba iliyokuwa yangu. Kaburi la mume wangu lilikuwa limeota nyasi. Pembeni mwake palikuwa na jingine dogo, udongo wake bado mwekundu, urefu wa mkono wangu na nusu. Nilichota kwa mume wangu, kama nilivyoagizwa. Nikarudi nikala mbele yao. Una ladha ya chuma, na mchanga hauishi mdomoni, unaendelea kuutafuna hata baada ya kumeza.

Mzee alitaka kukaa na wenzake kulifikiri jambo la msichana. Shemeji akasimama. "Mpeni," akasema. "Kila siku anamuulizia." Akachukua baiskeli yake akaondoka nayo, hakungoja kuona tunavyoagana.

Njiani kwenda Busia binti yangu alinieleza, kwa maneno ya mtoto wa miaka mitano, kwamba baba yake mdogo, yaani shemeji, alimfunga mdogo wake kifuani kwa shuka na kumwendesha mpaka zahanati ya Tororo, akianguka na kuinuka, na kwamba walirudi taratibu wakiwa wanatembea, baiskeli ikisukumwa. Nikamwambia atembee haraka. Baadaye nikambeba.

Sikuolewa tena. Shemeji alikufa mzee, miaka mingi baadaye. Nilipeleka mafuta ya matanga yake, debe moja na chupa mbili, na nilikaa nyuma pamoja na wanawake wa jikoni. Tulipofika zama za kilo nilijifunza upya peke yangu. Lita moja ya mafuta haifiki kilo, na debe lake ni kilo kumi na saba kasoro kidogo. Siku hizi wafanyabiashara vijana huja kuniuliza, nami huwaambia mara moja, bila kuwazungusha.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya matofali Busia, vyumba sita, mabati. Mashine moja ya kukamua mafuta, na nyingine iliyoharibika. Mizani mbili, moja ya magunia, moja ya kaunta. Ekari nne upande wa Kenya. Baiskeli moja ambayo siwezi tena kuipanda. Binti mmoja, wajukuu saba, vitukuu watatu. Upande wa Uganda sina ardhi, hata ile yenye urefu wa mkono na nusu, ni ya ukoo, ingawa wananiruhusu kwenda kupalilia. Madebe kumi na moja matupu. Mbuzi watano, mmoja ana mimba.